Kwa nini wapanda maua wa Ulaya huingoja Mei 15

KATIKA miji na vijiji vya Ujerumani, wiki za mwisho za Aprili huwa kipindi cha majaribu kwa kila mwenye bustani. Jua huwa limerejea, miti imechipua na maduka yamejaa miche ya maua iliyokwisha kuchanua. Hata hivyo, wazee huwaonya vijana wasitie ardhini mche wowote usiohimili baridi hadi Mei 15 iwe imepita.

Onyo hilo si ushirikina mtupu. Usiku mmoja tu wa baridi kali katikati ya Mei waweza kuangamiza kazi ya miezi mitatu, na aliyenunua miche hana budi kurudi dukani na kutoa pesa kwa mara ya pili. Tawi lililoganda hadi ndani halifufuki.

Suala hili si geni kwa Mkenya kama linavyoweza kudhaniwa. Baadhi ya maua yanayoogopa baridi hiyo asili yake ni Afrika Mashariki. Fauka ya hayo, vipandikizi vingi vya maua yanayopamba roshani za Ulaya hukatwa katika mashamba ya humu nchini miezi kadhaa kabla ya Mei, kwa ratiba inayofuata tarehe hiyohiyo.

Sakitu ni nini?

Sakitu, ambayo wengine huiita jalidi, ni tabaka jembamba la barafu linaloganda juu ya majani na udongo usiku wa baridi. Wakulima wa Nyandarua na wa mashamba ya majanichai ya Kericho wanaijua vyema, kwani huwaunguzia mimea hasa katika miezi ya kiangazi, wakati usiku huwa hauna mawingu.

Maji huganda joto linaposhuka hadi nyuzi 0 za Selsiasi. Ndani ya mmea, barafu huanza kujitokeza katika nafasi zilizo kati ya seli. Barafu hiyo huvuta maji kutoka ndani ya seli, nazo hunywea na ngozi zake kupasuka. Ndiyo sababu jani lililopigwa na sakitu huonekana asubuhi kama lililochemshwa: huwa laini, lenye majimaji, na baada ya saa chache hugeuka jeusi.

Mimea iliyozoea majira ya baridi ina kinga yake. Hukusanya sukari katika seli, hupunguza maji na hulala hadi joto lirejee. Mimea iliyotoka katika nchi zisizo na baridi hiyo haina kinga kama hiyo, hata ikipandwa na fundi wa namna gani.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba sakitu yaweza kutokea hata kama utabiri wa hali ya hewa haukutaja nyuzi 0. Vituo vya hali ya hewa hupima joto la hewa kwa kimo cha takriban mita 2 kutoka ardhini. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, na hewa iliyo karibu na udongo huwa baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa. Utabiri wa nyuzi 3 au 4, kwa hiyo, ni ilani tosha kwa aliyepanda maua ardhini.

Hewa baridi pia ni nzito kuliko hewa yenye joto. Huteremka polepole kama maji na kujikusanya mabondeni. Bustani iliyo bondeni yaweza kuungua ilhali ya jirani aliye mlimani kidogo ikasalimika. Ukuta wa mawe unaoelekea kusini, ambako jua la Ulaya hupitia, huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Roshani ya ghorofa ya tatu mjini, aghalabu, huwa salama wiki mbili kabla ya bustani ya shambani.

Maua yanayodhurika

Maarufu zaidi miongoni mwa maua haya ni jerania ya madirishani, ambayo wataalamu huiita Pelargonium. Asili yake ni Afrika Kusini, na ililetwa Ulaya katika karne ya 17. Leo hii ni vigumu kuipiga picha nyumba ya mbao ya Bavaria bila kuyanasa maua hayo mekundu yakining'inia chini ya madirisha.

Dalia ilitoka Mexico na kufika Madrid mwishoni mwa karne ya 18. Begonia, petunia na tageti pia zina asili ya nchi zenye joto. Petunia huvumilia baridi kidogo kuliko nyingine, lakini begonia hudumaa hata kabla ya sakitu, pindi joto la usiku linaposhuka chini ya nyuzi 10.

Ua lenye historia ya karibu nasi zaidi ni Impatiens walleriana, ambalo huota lenyewe katika misitu yenye unyevu kutoka Kenya hadi Msumbiji. Wajerumani wamelipa jina lenye maana ya Lisa mdogo mwenye bidii, kwa kuwa huchanua bila kupumzika kiangazi chote.

Mnamo 1882, Joseph Hooker, mkurugenzi wa bustani ya Kew mjini London, aliuita mmea huo Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Ulikuwa umefikishwa Kew kwa juhudi za John Kirk, mwakilishi wa Uingereza huko Unguja. Baadaye wataalamu waliamua kuwa ulikuwa mmea uleule uliokwisha kuitwa walleriana, kwa jina la mmishenari Horace Waller.

Mmea uliozoea kivuli cha msitu wa Afrika Mashariki hauwezi kutarajiwa kustahimili alfajiri ya Mei katika nchi ya theluji. Kwa upande mwingine, viola na primula hupandwa Machi bila hofu, na tulipu ni lazima itiwe ardhini kabla ya majira ya baridi ili iweze kuchanua. Anayenunua maua, basi, sharti kwanza ajue ni ya kundi lipi.

Watakatifu wa barafu

Tarehe ya Mei 15 imetokana na kalenda ya kanisa. Kuanzia Mei 11 hadi 15, Wajerumani huwakumbuka Mamertus, Pankratius, Servatius, Bonifatius na Sophia, ambao kwa pamoja huitwa watakatifu wa barafu. Huyo wa mwisho amebandikwa jina la Sophia wa baridi. Nchini Ufaransa hutajwa watatu wa kwanza tu, na nchini Poland wale wa Mei 12 hadi 14 huitwa watunza bustani wa baridi.

Wakulima wa enzi za kale hawakuwa na vipimajoto wala utabiri. Waliweka kumbukumbu kwa sikukuu za watakatifu, na uzoefu wa vizazi vingi ukawafunza kuwa baridi hurudi ghafla baada ya siku za joto za mwanzo wa Mei. Chanzo chake ni hewa ya kaskazini, ambayo hupata mwanya wa kuteremka hadi Ulaya ya kati wakati bara limeanza kupata joto ilhali bahari za kaskazini bado ni baridi.

Hata hivyo, kuna dosari katika tarehe zenyewe. Mnamo 1582, Papa Gregory XIII aliirekebisha kalenda na siku 10 zikarukwa. Sikukuu zilibakia na tarehe zake, lakini hali ya hewa haikuhama pamoja nazo. Mei 15 ya mkulima wa kabla ya marekebisho hayo ni sawa na takriban Mei 25 ya leo. Anayefuata methali za kale neno kwa neno huenda anapanda siku 10 kabla ya wakati uliokusudiwa na wahenga.

Miaka pia hutofautiana. Mnamo Mei 2018, Ujerumani ilipata joto lisilo la kawaida, na waliongoja hadi katikati ya mwezi walionekana kama waliopoteza muda wao. Mnamo Mei 2020, baridi ilibisha hodi tarehe 11, siku ya Mamertus hasa, na sakitu ikaonekana katika sehemu nyingi za nchi. Waliopanda kwa pupa walijutia haraka yao.

Wastani si ahadi

Nchini Marekani, wapanda maua hawategemei watakatifu bali takwimu. Idara ya taifa inayoshughulikia hali ya hewa huchapisha tarehe za sakitu ya mwisho kwa kila eneo, zikikokotolewa kutokana na rekodi za miaka 30. Zinazotumika hivi sasa ni za 1991 hadi 2020.

Hapa ndipo wengi hupotoka. Tarehe ya katikati humaanisha kuwa katika nusu ya miaka sakitu ya mwisho ilitokea kabla yake, na katika nusu nyingine ilitokea baadaye. Anayepanda siku hiyo ana nafasi sawa ya kupata na kukosa, kama anayerusha sarafu. Kwa sababu hiyo, takwimu hizo hutoa pia tarehe ambayo baada yake sakitu hutokea mwaka 1 tu kati ya 10. Hiyo ndiyo tarehe ya kuzingatiwa na mwenye maua ya nchi za joto, na mara nyingi huwa wiki mbili baada ya ile ya katikati.

Kosa la pili linatokana na ramani ya kanda iliyotolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani kwa mara ya kwanza mnamo 1960, na kufanyiwa marekebisho ya karibuni zaidi mnamo 2023. Ramani hiyo huonyesha kiwango cha chini kabisa cha baridi katika majira ya baridi, ili mtu ajue ni miti ipi itakayosalia hai hadi mwaka unaofuata. Haisemi lolote kuhusu siku ya sakitu ya mwisho. Maeneo mawili yaliyo katika kanda moja yaweza kutofautiana kwa wiki kadhaa katika kupanda.

Katika jimbo la Minnesota, ambako wanaishi Wakenya wengi, wakazi wa Minneapolis hungoja hadi katikati ya Mei au baada yake, nao wa kaskazini mwa jimbo husubiri hadi mwanzoni mwa Juni. Wamarekani wengi huitumia sikukuu ya kuwakumbuka mashujaa wa vita, Jumatatu ya mwisho ya Mei, kama alama yao. Wakanada wana siku ya Malkia Victoria, Jumatatu inayotangulia Mei 25.

Kuhesabu kinyumenyume

Aliyekwisha kuamua siku ya kupanda nje huhesabu wiki kurudi nyuma ili ajue siku ya kusia mbegu ndani ya nyumba. Jerania inayooteshwa kwa mbegu huhitaji wiki 12 hadi 16. Impatiens huhitaji wiki 8 hadi 10, na zinia wiki 4 hadi 6.

Anayekusudia kupanda nje Mei 20, kwa hivyo, husia jerania kati ya mwisho wa Januari na mwisho wa Februari, Impatiens katikati ya Machi, na zinia katika Aprili. Kusia mapema kupita kiasi hakumfaidi mtu. Miche hurefuka na kudhoofika ikitafuta mwanga dirishani, na mizizi husongamana katika vikopo vidogo.

Dalia hufuata kanuni tofauti. Hupandwa kwa mizizi minene inayofanana na viazi vitamu, na machipukizi yake huchukua wiki mbili au tatu kabla ya kutokeza juu ya udongo. Yaweza kufukiwa siku chache kabla ya hatari kwisha, mradi udongo usiwe na maji mengi, kwani mizizi hiyo huoza upesi katika tope la baridi.

Udongo wenyewe ni sharti upimwe. Hewa hupata joto kwa siku moja, lakini ardhi huchukua wiki. Mche wa begonia au Impatiens ukitiwa katika udongo baridi husimama tu pasipo kukua, na mizizi yake huanza kuoza. Uliopandwa wiki mbili baadaye katika udongo wenye nyuzi 15 huufikia na hata kuupita. Hivyo, anayengoja hapotezi muda kama anavyodhani.

Kabla ya kupandwa, miche iliyolelewa ndani hufunzwa kuishi nje. Kwa siku 7 hadi 14, hutolewa mahali penye kivuli kwa saa chache, na muda huo huongezwa kila siku. Usiku hurudishwa ndani. Jani lililokulia nyuma ya kioo ni jororo. Jua kali na upepo huliunguza hata pasipo sakitu.

Usiku wa hatari

Ikiwa maua yamekwisha kupandwa na utabiri ukabadilika, bado kuna la kufanya. Vyungu huingizwa ndani au husogezwa karibu na ukuta. Maua yaliyo ardhini hufunikwa jioni, kabla ya giza, kwa shuka au kitambaa chepesi kinachofika hadi chini. Kazi ya kitambaa ni kuzuia joto la ardhi lisipotee, na ndiyo maana kuifunika sehemu ya juu pekee hakusaidii. Karatasi ya plastiki ikigusa majani hupitisha baridi moja kwa moja na kuyaunguza. Asubuhi kifuniko huondolewa ili maua yasipate joto la kupita kiasi.

Wakulima wa matunda na mizabibu hutumia mbinu kubwa zaidi, kama vile kuwasha mioto midogo kati ya mistari au kunyunyiza maji usiku kucha. Maji yanapoganda hutoa joto, na joto hilo huzuia machipukizi yasishuke chini ya kiwango cha kufa. Lakini unyunyizaji ukikatizwa kabla ya barafu kuyeyuka, hasara huwa kubwa kuliko kama usingefanywa.

Hasara hizo si ndogo. Mnamo Aprili 2017, sakitu iliharibu maua ya miti ya matunda na mizabibu katika nchi nyingi za Ulaya. Mnamo Aprili 2021, ilikuwa zamu ya Ufaransa, na serikali ikalazimika kutoa msaada kwa wakulima.

Huenda mtu akadhani kuwa ongezeko la joto duniani litaiondoa hofu hii. Ukweli ni kwamba majira ya baridi yenye joto huiamsha mimea mapema, na matofaa ya Ujerumani sasa huchanua mapema kuliko ilivyokuwa katika miaka ya 1960. Mmea ulioamka mapema huikuta sakitu ikiwa bado njiani. Kwa mwenye bustani, joto la Machi na Aprili limekuwa kishawishi zaidi kuliko hakikisho.

Kalenda ya Ulaya katika mashamba ya Kenya

Wauzaji wa Ulaya huhitaji miche yenye maua wiki zilezile za Mei ambazo wateja huamini kuwa hatari imepita. Ili jerania ya kipandikizi ichanue wakati huo, ni lazima ianze kuota mizizi mapema katika mwaka, wakati ambapo Ulaya imo katika giza na theluji, na gharama ya kupasha moto vivungulio ni kubwa mno.

Hilo ndilo lililozipa nafasi nchi kama Kenya, Uganda na Ethiopia. Karibu na ikweta mchana hudumu takriban saa 12 mwaka mzima, na katika nyanda za juu hali ya hewa si ya joto kali wala baridi kali. Mimea mama hukuzwa katika vivungulio, yakiwemo mashamba ya maeneo ya Thika na Juja, na wafanyakazi huvikata vipandikizi vidogo visivyo na mizizi, wakavihesabu na kuvifungasha. Husafirishwa kwa ndege vikiwa vimepozwa, na huko ng'ambo hutiwa katika udongo upesi iwezekanavyo.

Kwa hiyo, miezi ya kuanzia Desemba hadi Machi huwa ya pilkapilka katika mashamba hayo. Kipandikizi kinachochelewa kwa wiki mbili huzaa ua linalofika sokoni baada ya wanunuzi kujaza madirisha yao, na bei yake huanguka. Mei ikiwa na baridi ya kudumu, wateja hubaki nyumbani, miche huzidi umri ikiwa katika vivungulio, na wauzaji hupunguza maagizo ya msimu unaofuata. Ubaridi wa mjini Munich waweza hivyo kumgusa mfanyakazi wa Juja ambaye hajawahi kuiona theluji.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, na anayeahirisha kupanda hadi Julai atafurahia maua yake kwa wiki chache tu. Sakitu ya kwanza hurudi Ulaya ya kati aghalabu mnamo Oktoba. Hapo dalia hugeuka nyeusi kwa usiku mmoja, mizizi yake huchimbuliwa na kuhifadhiwa mahali pakavu pasipoganda, jerania huingizwa ndani, nayo Impatiens hutupwa. Kati ya sakitu hizo mbili kuna takriban miezi mitano. Mwenye kuipoteza wiki moja ya mwanzo kwa kusubiri hupungukiwa na machache. Anayeipora wiki hiyo kwa pupa aweza kulazimika kuanza upya.